Ndege ya Ndugu Yangu na Moto wa Baba Mkwe

Kwenye harusi za kwetu hakukosekani mama mmoja mwenye sauti kubwa anayesimama kumshauri bi harusi. Atamwambia aheshimu wakwe, ainamishe macho, asijibu. Huo ndio wakati wangu wa kutoka nje kutafuta choo. Nimeolewa miaka mingi, sijawahi kumpinga baba mkwe wangu hata kwa neno moja, na ukiuliza mtu yeyote kule Endebess atakuambia mimi ni mkaza mwana mwenye adabu. Ni kweli. Adabu hiyo ndiyo iliyomwangusha ndugu yangu.

Ndugu yangu ni kitinda mimba wa mama. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akienda kulima. Wakati huu ninaousimulia, mwaka elfu mbili na kumi ukiwa karibu kufika, alikuwa na diploma ya elektroniki iliyokaa ndani ya bahasha tangu alipoipata, na kazi ya kutengeneza redio na televisheni nyuma ya duka la Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mjini Bungoma. Kalasinga huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni alimwachia kona ya meza, na vifaa ambavyo havipatikani huku alimwagizia kupitia kwa mpwa wake aliyekuwa ng'ambo. Hakuwahi kumuuliza ni vya nini.

Vilikuwa vya ndege. Si ndege ya kupanda mtu, ni ndege ya kuchezea, ingawa ndugu yangu alinuna ukiiita hivyo. Mwili aliuchonga kwa lile povu gumu jeupe linalokuja limezungushiwa televisheni ndani ya katoni. Mabawa yalikuwa marefu kuliko kitanda changu cha shule. Mbele alifunga mota ndogo yenye feni, katikati betri, na mkononi alishika rimoti yenye vijiti viwili. Aliirusha Jumapili kwenye uwanja mmoja kule Mabanga, si mbali na kwa mama, na watu waliotoka kanisani walisimama kando ya ua wakimcheka. Ati mtu mzima na ndevu zake anacheza na toi. Lakini hawakuondoka mpaka itue.

Kuirusha kwa mkono halikuwa jambo kubwa kwake. Alichotaka ni ijirushe yenyewe. Miaka miwili alihangaika na kisanduku kidogo, kikubwa kidogo tu kuliko kiberiti, alichokiita otopailoti. Kilikuwa na macho manne, mawili ya kutazama mbele na nyuma, mawili ya kutazama kushoto na kulia. Nilipokwenda kumwona mama, ndugu yangu alinikalisha jikoni akanieleza mpaka nikaelewa, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba nilielewa.

"Haya macho hayaoni mwanga, dada, yanaona joto," aliniambia. "Ardhi iko na joto, mbingu ni baridi. Bawa likiinama, jicho la upande huo linaona ardhi zaidi, linasikia joto. Basi linajua bawa limeshuka, linaliinua. Ni hivyo tu."

Kisha akachukua jiko la mama lenye makaa, akalisogeza karibu na jicho la kulia. Ndege ilikuwa mezani, imetulia sawa kama sahani. Lakini vile vipande vya nyuma ya mabawa vikageuka vyenyewe, kimoja juu kimoja chini, vikitaka kuliinua bawa la kulia ambalo halikuwa limeshuka popote. Tukacheka. Nikamwambia basi ahakikishe hakuna mtu anayepika chai huko angani. Akaniambia shida si ya angani, shida ni ya chini: asirushe karibu na moto, wala karibu na mahali palipochomwa, mpaka pakae siku mbili tatu pakapoa.

Mwezi huo akapata mtu. Alikuwa mpimaji wa mashamba, mwenye ofisi yake ndogo mjini, aliyechoka kutembea kwenye mahindi na kamba. Alikuwa ameona picha za mashamba zilizopigwa kutoka juu, akazitaka. Akamwambia ndugu yangu maneno yaliyo wazi kabisa: ikiwa hiyo kitu yako inaweza kwenda na kurudi juu ya shamba kubwa bila wewe kuigusa, nitakuajiri, nikupe chumba chako na meza yako. Ikiwa ni lazima uishike shike, hapana, sina haja na toi.

Shamba kubwa tulilolijua ni moja, la baba mkwe wangu. Nilimwomba mume wangu, mume wangu akamwomba baba yake, na jibu likarudi kwangu kupitia kwa mume wangu, kwa sababu ndivyo mambo yanavyokwenda. Mimi na mzee hatukai chumba kimoja. Akiingia sebuleni natoka. Namsalimia kwa mbali nimeinama, hatushikani mikono, na nikiwa na shida hupitisha kwa mwanawe au, enzi akiwa hai, kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sisemi mzee alikuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali, ningekuwa na mtu wa kumchukia. Alikuwa mwema kupita kiasi, na habari ya ndege alikuwa ameitangaza Endebess nzima kabla sisi hatujapanga siku.

Siku yenyewe ilikuwa Januari, jua kali, mahindi yameshavunwa. Mume wangu alitoka mapema kwenda Kitale mjini kumpokea ndugu yangu na yule mpimaji. Mimi nilikuwa naosha vyombo nyuma ya jikoni niliposikia ule mlio wa mabua yanapolia motoni. Mwanzoni sikushtuka. Wiki ile majirani wote walikuwa wakichoma mashamba yao, na moshi ulikuwa kila upande. Lakini mzee hakuwa na desturi ya kuchoma. Mabua yake aliyapanga kwa marundo, akawalisha ng'ombe mpaka mvua ya Machi. Nikafuta mikono nikaenda kuchungulia.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, amevaa koti la suti lake la kanisani, reki mkononi. Wafanyakazi wawili walikuwa wametawanya marundo yote na kuyawasha. Aliponiona akapaza sauti kutoka pale alipokuwa, kwa furaha ambayo sijaisahau.

"Mama, nimewasafishia mahali," alisema. "Hiyo ndege ya mtoto wetu isikuje ikwame kwa mabua. Mgeni aone tuko watu wa maana."

Mtoto wetu. Alikuwa amechoma chakula cha ng'ombe wake cha kiangazi kizima, ili ndugu yangu asiaibike. Nilijua pale pale kwamba ndege haitaweza kuruka karibu na shamba hilo. Nilikuwa na maneno yote kichwani, hata ya jiko. Nikainama nikasema, "Asante sana, baba."

Nilirudi jikoni nikampigia mume wangu simu. Nilimweleza haraka haraka habari ya macho na joto, na najua sikueleza vizuri. Alikuwa mahali penye kelele.

"Sasa unataka nimwambie mzee azime moto?" aliniuliza. "Na amefanya kwa roho safi? Wewe kaa kimya, itapoa. Tukifika huko saa tano si itakuwa imepoa?"

Nikakaa kimya. Mara mbili nilitoka kwenda kuangalia. Miali ilikuwa imekwisha, shamba limekuwa jeusi tii kutoka ua mpaka mtaro, na moshi mwembamba ukitoka hapa na pale. Nilijiambia itapoa. Mimi ni mtoto wa mkulima, najua visiki vya mahindi hushika moto kwa ndani na kukaa nao kutwa, lakini siku hiyo nilijisahaulisha.

Walifika saa tano kama alivyosema. Gari la mpimaji likaegeshwa penye majani, upande wa malisho. Mzee akatoka kumlaki mgeni, na wakasimama wakisalimiana salamu zile ndefu. Ndugu yangu akafungua buti, akaitoa ndege kama anayetoa mtoto mchanga, kisha akasimama akiangalia lile shamba. Akanivuta mkono tukaenda nyuma ya gari.

"Dada, hii imechomwa lini?"

Mzee alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, anamwonyesha mgeni mpaka wa shamba lake kwa fimbo. Kichwani mwangu mambo yalipita kwa mpigo mmoja. Nikisema leo, ndugu yangu atakataa kurusha. Mgeni atauliza kwa nini. Ataambiwa ni kwa sababu ya moto. Na mzee, akiwa na koti lake la kanisani, atasikia mbele ya mgeni wake na mbele ya wafanyakazi wake kwamba yeye ndiye aliyeharibu, na kwamba mkaza mwana alijua tangu asubuhi akamwambia asante.

"Juzi," nikasema.

Ndugu yangu aliniangalia. Akaenda peke yake mpaka kwenye lile jivu, akapiga hatua tatu nne ndani, akarudi akijipangusa viatu kwenye majani. Hakuniuliza neno jingine. Akamgeukia mpimaji akamwambia yuko tayari.

Aliiandaa penye majani, mbali na jivu, akiielekeza pua juu kisha chini ili macho yajue mbingu na ardhi za siku hiyo. Akaitupa kwa mkono. Ikapanda vizuri, feni ikilia kama nyuki, nyeupe kwenye lile anga lisilo na wingu. Alipoifikisha juu kiasi aliiweka sawa, akabonyeza kitufe, kisha akaiweka rimoti chini kwenye nyasi na kuinua mikono yote miwili juu ili mpimaji aione mitupu.

Ilikwenda yenyewe. Nataka hilo lijulikane. Ilipita juu ya malisho upande wa mikaratusi, sawa kabisa, haikuyumba wala kushuka, ikafika kule kwenye josho la ng'ombe ikajigeuza yenyewe, kama alivyoitega, na kuanza kurudi. Mzee akapiga makofi. Mpimaji alikuwa amevua miwani, anaiangalia ndege mdomo wazi. Ndugu yangu hakucheka, alisimama tu na mikono yake juu, na nikasema moyoni, basi imepoa, Mungu amenisitiri.

Njia yake ya kurudi ilikuwa kando ya shamba. Ilipofikia lile jivu, bawa la upande wa jivu likaanza kuinuka, polepole, na lile la upande wa mikaratusi likashuka. Likaendelea kushuka. Ndugu yangu akajitupa chini kuchukua rimoti, lakini alikuwa ameirusha chini chini ili mgeni aione vizuri, na nafasi haikuwapo. Ikaingia kwenye mikaratusi ya jirani kwa ncha ya bawa. Mlio wake ulikuwa mdogo sana, wa tawi kavu likivunjwa na mtu anayetafuta kuni.

Kifaa hakikukosea. Jicho liliona joto, likafanya kama lilivyofundishwa. Kati yetu sote tuliokuwa pale, kitu pekee kilichosema ukweli kuhusu lile shamba ni kile kisanduku, na ndicho kilichovunjika.

Mpimaji alikuwa na heshima zake. Alingoja mpaka vipande viokotwe, akasaidia hata kubeba mkia. Kisha akamwambia, "Kijana, umejaribu. Lakini mimi siwezi peleka hii kwa shamba ya watu, iangukie mtoto ama ng'ombe. Ukiifikisha mahali inafaa utanitafuta." Hakutaja siku. Akaaga, akaondoka bila kula, na mzee alikuwa amechinja kuku kwa ajili yake.

Tulikula wenyewe. Yaani wanaume walikula, mimi nikapakua na kutoka. Nikiwa mlangoni na bakuli la ugali nilimsikia mzee akimfariji ndugu yangu.

"Pole sana, mwanangu. Lakini angalau mabua haikukusumbua."

"Mabua haikunisumbua, mzee," ndugu yangu akajibu. "Ulitusaidia sana. Asante."

Nililiweka bakuli nikatoka. Sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya jikoni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimkasirikia mzee kwa wema wake, mume wangu kwa ile "itapoa" yake, na marehemu mama mkwe kwa kufa na kuniacha bila mtu wa kupitishia neno. Mimi mwenyewe nilijiweka mwisho wa orodha, kama watu wote. Kiangazi kile ng'ombe wa mzee walikonda mpaka mbavu zikahesabika, na hata hapo hakulalamika.

Ndugu yangu hakuitengeneza tena ile ndege. Kalasinga alimngojea na kona ya meza yake, mwisho akaweka maboksi pale. Baada ya miezi michache akaacha hata kazi ya redio, akaanza kuuza viatu vya mitumba soko la Misikhu. Watu walisema ameamka, ameacha utoto. Mama alifurahi kwamba sasa ana kitu anachoweza kuwaeleza wenzake kanisani. Mimi nilijua, au nilidhani najua, kilichomtoa. Nilidhani anaamini kichwa chake ndicho kilichoshindwa. Miaka miwili nilitembea na hilo. Kila nilipomwona alikuwa mchangamfu, ananisalimia, anauliza watoto, anauliza mzee anaendeleaje, lakini hakuja tena Endebess, hata Krismasi, na kila mwaka alikuwa na sababu nzuri.

Mwishowe nikaamua kumwambia. Nilijiambia nitamrudishia kitu chake: atajua mashine yake ilikuwa nzima, huenda akarudi mezani. Nikaenda Misikhu siku ya soko. Nilimkuta amekaa kwenye kreti, viatu vimepangwa mbele yake juu ya turubai, anapiga brashi kiatu cheusi cha kike. Alinisogezea kreti nyingine. Sikutaka chai, sikutaka mzunguko.

"Siku ile ya ndege," nikasema, "lile shamba halikuchomwa juzi. Lilichomwa asubuhi hiyo hiyo."

Aliendelea kupiga brashi. "Najua."

"Ulijua lini?"

"Si ni siku hiyo hiyo. Nilikanyaga, soli ikaanza kunuka. Hiyo kitu ilikuwa moto bana, visiki bado vinawaka chini ya jivu."

Miaka miwili nilikuwa nimemhurumia kwa jambo ambalo halikumpata. Kama hakuwa na shaka na kazi yake, basi ni nini kilichomweka hapa kwenye viatu vya watu?

"Na ukairusha," nikasema.

"Wewe ulikuwa umesema juzi. Mimi niseme ni leo, mbele ya mzee na bwana yako, wewe ungebaki nani kwa hiyo boma? Mwongo?" Akakiangalia kiatu, akakigeuza upande wa pili. "Nikafikiria nikipitishia upande wa majani labda itavumilia. Haikuvumilia."

Hapo nikakasirika, kwa kuwa ndiyo njia rahisi. Nikamwambia alipaswa kusema. Nikamwambia mimi nilikuwa nimebanwa, nimezungukwa na watu wa kwa mume wangu, na yeye alikuwa huru, angeweza kusingizia chochote, betri, upepo, tumbo.

"Betri," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nimepanga. Ungeniambia ni leo, ningesema betri imekataa, turudi wiki ijayo. Mzee hangejua. Mgeni hangejua. Lakini ukishasema juzi, nikisema betri wewe ungejua nimekujua."

"Basi si ungenivuta kando uniulize," nikamwambia. "Kando, sisi wawili, mimi ningekuficha nini?"

Akaweka brashi chini. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuniangalia usoni.

"Nilikuvuta kando, dada," akasema. "Nilikuuliza."

Mama mmoja akasimama mbele ya turubai akauliza kama kuna namba sita. Ndugu yangu akainuka kumtafutia.